Mwenye Saini Yuko Wapi?

Mwisho wa Machi kila mwaka picha ni ileile. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye wengi tunamwita CAG tu, anamkabidhi Rais vitabu vinene mbele ya kamera. Wiki chache baadaye vitabu hivyo vinawekwa mezani bungeni, na nchi inapata homa. Vichwa vya habari vinajaa mabilioni. Kwenye daladala na vijiwe vya kahawa watu wanatajiana halmashauri iliyomlipa mkandarasi kabla hajafyatua hata tofali, shirika lililokula hasara tena, mashine za kukusanyia ushuru zilizozimwa na fedha zake kutofika benki. Homa hiyo hudumu siku kumi, pengine kumi na nne. Kisha bajeti za wizara zinaanza kusomwa, ligi inafika ukingoni, na vitabu vinarudi kabatini kusubiri vingine vya mwaka ujao. Mtu anayetuangalia kwa mbali angedhani Watanzania hawajui fedha zao zinakwenda wapi. Kumbe tunajua, tena kwa shilingi na senti. Tusichokijua ni nani aliyesaini, na alipoulizwa alijibu nini.

Tufanye hesabu ya tarehe, maana ugonjwa umejificha humo. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Taasisi zina miezi mitatu ya kufunga vitabu na kuviwasilisha kwa mkaguzi, naye mkaguzi ana hadi Machi 31 kumaliza kazi yake. Ibara ya 143 ya Katiba inataka ripoti ifike kwa Rais, na Rais aagize iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kianze. Asipofanya hivyo, CAG anaipeleka mwenyewe kwa Spika. Mpaka hapo kila hatua ina siku yake, na kwa kweli siku hizo huheshimiwa. Baada ya hapo ndipo saa inapopunguza mwendo. Ripoti za mwaka wa fedha 2021/22 zilifika bungeni Aprili 2023. Wabunge wengi walitaka kuzijadili hapohapo, moto ukiwa bado unawaka, lakini Spika Tulia Ackson akaeleza kwamba utaratibu unazitaka kamati zimalize kwanza uchambuzi wao, na mjadala ukaja Novemba. Kwa hiyo shilingi iliyotoka Hazina Julai 2021 ilijadiliwa ukumbini miezi 28 baadaye.

Katika utumishi wa umma miezi 28 ni umri mzima. Mkurugenzi wa halmashauri amehamishwa, pengine mara mbili. Mweka hazina amestaafu, amelipwa kiinua mgongo na anafuga kuku kwao. Ofisa manunuzi yuko wilaya ya mbali ambako hakuna anayejua alikotoka. Anayesimama mbele ya Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa ni mtu aliyeripoti kazini mwaka jana, ambaye kwa haki kabisa anaweza kusema kwamba mambo hayo aliyakuta. Kamati inamkaripia, inampa siku kadhaa alete nyaraka, naye anarudi kituoni kutafuta vocha ambazo hakuziandika, za kazi ambayo hakuisimamia. Sheria zetu zinamtambua afisa masuuli, yaani anayebeba dhamana ya fedha za taasisi, kama ofisi, jambo ambalo lina mantiki yake, kwa kuwa Serikali haifi mtu akihama. Lakini ofisi haiibi wala haizembei. Ofisi haina mkono wa kushika kalamu. Tumejenga mfumo ambao ofisi ndiyo inayojibu, na mtu aliyesaini amekwisha panda basi.

Hapo ndipo hoja ya makala haya ilipo. Udhaifu wa maadili katika taasisi zetu hautokani na uhaba wa sheria, wala wa wakaguzi, wala wa hasira ya wananchi. Unatokana na kwamba swali na mwenye kupaswa kulijibu hawakutanishwi mahali pamoja, wakati mmoja, mbele ya wenye mali. Nafasi ya mkutano huo tumeijaza mambo mengine yanayofanana nao: hati safi, kujiuzulu, kutumbuliwa, kurudisha fedha. Kila kimoja kina faida yake, lakini hakuna kinachoweza kusimama badala ya jibu.

Tuanze na hati, kwa sababu ndiyo inayowapumbaza wengi. Kila mwaka taasisi nyingi mno, zaidi ya tisa katika kila kumi, hupata hati inayoridhisha, na wakurugenzi hutundika habari hiyo kama timu inavyotundika kombe. Mwananchi anayesikia kwamba halmashauri yake imepata hati safi anaelewa kwamba hakuna kilichoibwa. Mkaguzi hakusema hivyo. Alichosema ni kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa viwango vya uhasibu vinavyokubalika na hazina makosa makubwa ya kupotosha picha. Zahanati inaweza kujengwa kwa bei mara mbili ya inayostahili, ikakosa choo na maji, na bado vitabu vyake vikawa sawa kabisa, kwa sababu kila malipo yana vocha na kila vocha ina saini. Wapo maofisa wanaolijua hili vizuri sana. Wamejifunza kwamba kazi ni kuzitunza karatasi, na karatasi zitawatunza wao.

Nyuma ya hati kuna lugha nyingine ambayo haifiki magazetini, nayo ni ya hoja. Mkaguzi huandika hoja, menejimenti huijibu, na ikileta vielelezo vya kuridhisha hoja hufungwa. Ndani ya ofisi za umma kuna ustadi mzima wa kufunga hoja: vikao vya dharura, majalada yanayofufuka, risiti zinazopatikana siku mbili kabla ya mkaguzi kuondoka. Kuna hoja zinazofungwa kihalali, tena nyingi, kwa kuwa mara nyingine tatizo ni jalada lililokaa kwenye kabati lisilo lake. Lakini tazama orodha za utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita na utakuta makundi yake: yaliyotekelezwa, ambayo utekelezaji unaendelea, ambayo hayajatekelezwa, yaliyojirudia, na kundi lenye jina la kushangaza, yaliyopitwa na wakati. Hoja ilikuwa ya kweli na pendekezo lilikuwa la haki, ila muda umepita mno kiasi kwamba hakuna tena cha kutekeleza. Hoja hiyo haikufungwa kwa sababu ilijibiwa. Ilizeeka.

Neno lenyewe tunalotumia nalo limebeba sehemu ya lawama. Kuwajibika kunatokana na wajibu. Ni kutimiza lililo juu yako. Katika siasa zetu neno hilo limesogezwa taratibu hadi likawa na maana moja tu: kuachia ngazi. Mbunge akisimama kusema waziri awajibike, hakuna anayeelewa kwamba waziri anatakiwa kueleza. Kila mtu anaelewa kwamba anatakiwa kuondoka. Mfano unaotajwa daima ni wa Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani katikati ya miaka ya 1970 baada ya watu kuteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu, lakini wizara ilikuwa yake. Ni tendo la heshima, na si ajabu kwamba alirudi kuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na wa Muungano mwaka uliofuata. Ila uungwana wake tumeugeuza kuwa kanuni, na kanuni hiyo ina tundu. Waziri anapoondoka, kelele zinatulia, na swali lililomwondoa linaondoka naye.

Tundu hilo lilionekana wazi Februari 2008. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe iliwasilisha taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, akifuatiwa na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Baraza la Mawaziri likavunjwa. Wengi waliona siku ile kuwa kilele cha uwajibikaji katika nchi yetu, na kwa nguvu ya Bunge ilikuwa hivyo kweli. Lakini Lowassa alisimama ukumbini akalalamika kwamba Kamati haikumwita kumhoji. Mtu anaweza kuona lalamiko lile kama ujanja wa mwanasiasa aliyebanwa. Hata hivyo, liangalie kwa upande wa mwananchi: mtu wa pili kwa madaraka ya utendaji nchini alitoka ofisini bila kuulizwa swali moja hadharani na bila kulijibu. Matokeo yake tumeyaishi. Mwaka 2015 aligombea urais kwa tiketi ya upinzani akapata kura zaidi ya milioni 6, mwaka 2019 akarejea chama chake cha zamani, na alipofariki dunia Februari 2024 nchi iliyomzika ilikuwa bado imegawanyika: kwa wengine alikuwa mtuhumiwa aliyeponyoka, kwa wengine kondoo wa kafara. Pande zote mbili zinaweza kubishana hadi kesho kwa sababu hakuna kumbukumbu ya maswali na majibu ya kuwaamulia.

Mwaka huohuo wa 2008 ulituletea namna nyingine ya kulikwepa jibu. Ukaguzi wa Akaunti ya Madeni ya Nje katika Benki Kuu, iliyokuja kujulikana kila kona kwa jina la EPA, ulionyesha kwamba shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa makampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06. Gavana Daudi Ballali alitenguliwa Januari akiwa Marekani, na Mei akafariki hukohuko. Serikali ikawapa waliochota fedha hizo hadi Oktoba 31 wawe wamezirejesha, kisha kuanzia Novemba baadhi ya watu wakafikishwa mahakamani. Kwa mhasibu, fedha ikirudi hesabu inasawazika. Kwa maadili ya umma haisawaziki hata kidogo, kwa sababu bilioni 133 hazitoki Benki Kuu kwa kuruka ukuta. Zinapita madirishani, zinapigwa mihuri, zinaidhinishwa na watu walioajiriwa ili kukataa. Aliyerudisha aliachwa arudishe kimyakimya, na umma haukupata orodha kamili ya nani alileta nini, wala simulizi ya jinsi kila mlinzi wa mlango alivyofungua. Mwizi wa kuku kijijini akimrudisha kuku bado ataitwa kwa mwenyekiti aeleze alimtoaje bandani.

Sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow la mwaka 2014 lilifika mbele zaidi, na ndiyo maana linafundisha zaidi. CAG alikagua, Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe ikachambua, na mwisho wa Novemba Bunge likapitisha maazimio yake baada ya mjadala mkali ambao watu waliufuatilia redioni kama mechi ya fainali. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu Desemba, Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa mwezi huohuo, na Sospeter Muhongo wa Nishati na Madini akajiuzulu Januari 2015. Desemba ya mwaka huohuo Muhongo akateuliwa tena katika wizara ileile. Sisemi kwamba hakustahili kurudi; mwenyewe alisisitiza daima kwamba hakufanya kosa. Ninachosema ni kwamba kama hakuwa na kosa, alistahili tamko rasmi la kumsafisha, lenye sababu, kabla hajaapishwa upya, na wabunge waliomsukuma nje walipaswa kuambiwa walipokosea. Na kama alikuwa nalo, sisi wengine ndio tuliostahili maelezo. Hayakuja haya wala yale. Aliondoka bila hukumu na kurudi bila hukumu, kama mtu aliyetoka kupunga upepo.

Kisha ukaja wakati wa kutumbua majipu. Kuanzia Novemba 2015 Rais John Magufuli alisimamisha na kufukuza watumishi kwa kasi ambayo nchi haikuwahi kuiona, mara nyingine jukwaani, kipaza sauti kikiwa mkononi, na umati ukishangilia. Tusidharau kilichowafanya watu washangilie. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mama aliyezoea kuambiwa njoo kesho alimwona mkubwa naye akiambiwa nenda leo. Wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000 waliondolewa kwenye orodha ya mishahara mwaka 2016, na Aprili 2017 ikatolewa orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Ni kazi kubwa. Lakini tafakari kidogo habari ya mfanyakazi hewa. Hewa haijazi fomu ya ajira, haijiingizi kwenye mfumo wa mishahara, haiendi dirishani kuchukua fedha. Kila jina hewa lina mtu hai aliyeliandika na mwingine hai aliyeliidhinisha mwezi baada ya mwezi. Idadi ya majina hewa tulitangaziwa kila mara. Idadi ya mikono iliyoyaandika haikutangazwa kwa sauti ileile.

Watetezi wa njia hiyo wana hoja nzito, na ni haki kuisikiliza. Wanasema kujibu maswali ni anasa ya nchi zilizotulia. Kwetu, mtumishi anayejua kwamba anaweza kufukuzwa asubuhi atawahi kazini, na hofu ndiyo mwalimu tunayemwelewa. Ni kweli hofu huwahisha watu kazini. Lakini hofu humfundisha mtumishi kumtazama anayefukuza, si anayehudumiwa. Anayetaka kusalimika atajifunza kupendeza, atajifunza kuficha taarifa mbaya isifike juu, na atajifunza kutosaini chochote bila simu kutoka juu, ili siku ikifika saini isiwe yake peke yake. Ofisa aliyetimuliwa jukwaani naye hakuulizwa. Kama aliiba, hatukujua alishirikiana na nani. Kama alionewa, hatukujua pia. Na mrithi wake akaingia ofisi ileile yenye kabati zilezile na milango ileile.

Ushahidi mkubwa kwamba hofu na maswali havikai nyumba moja ni yaliyompata CAG mwenyewe. Desemba 2018 Profesa Mussa Assad alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa mjini New York, akaulizwa kwa nini ripoti zake hazizai matokeo. Alijibu kwamba kama anatoa ripoti zinazoonyesha ubadhirifu na hatua hazichukuliwi, kwake huo ni udhaifu wa Bunge. Mwezi uliofuata Spika Job Ndugai alimwita mbele ya kamati ya maadili ya Bunge. Assad alieleza kwamba udhaifu ni neno la kawaida kabisa katika kazi yake, na yeyote aliyewahi kufungua ripoti ya ukaguzi anajua kwamba ni kweli, maana neno hilo limejaa humo kama chumvi kwenye ng'onda. Haikusaidia. Aprili 2, 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi, na Novemba nafasi yake ikapewa mwingine. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuondolewa kwake kulikwenda kinyume cha Katiba. Hapa mtu hawezi kujizuia kutabasamu kwa uchungu: katika hoja zote alizowahi kuziandika Profesa Assad, ile moja aliyoisema redioni ndiyo iliyopata majibu ya Bunge ndani ya wiki chache.

Kuna wanaosema mzizi uko mbali zaidi, kwamba maadili yalikufa tulipoacha Azimio la Arusha. Wana sehemu ya ukweli, ila si ile wanayoifikiria. Miiko ya uongozi ya 1967 ilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa, kuwa mkurugenzi katika kampuni binafsi, kupangisha nyumba. Watu huikumbuka kwa ukali wake. Nguvu yake nyingine, ambayo haitajwi sana, ni kwamba ilikuwa miiko ya kuonekana kwa macho. Jirani yeyote angeweza kuona kwamba mkuu wa wilaya ana nyumba na mpangaji ndani yake. Hakuhitaji mkaguzi wala fomu. Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo humtaka kiongozi apeleke tamko la mali na madeni yake kila mwisho wa mwaka. Kwa maandishi, sheria hii inadai taarifa nyingi kuliko Azimio. Kwa vitendo, macho ya jirani yamebadilishwa na karatasi iliyo kwenye daftari la Sekretarieti ya Maadili, na njia ya mwananchi kulifikia daftari hilo ni nyembamba. Mwaka mmoja tu baada ya sheria hiyo, Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikwisha eleza kwa kirefu jinsi rushwa ilivyokita mizizi. Kiongozi anajaza fomu kwa uaminifu, Sekretarieti inaipokea kwa uaminifu, na anayejua kwamba nyumba ya ghorofa tatu pale mtaani haimo kwenye fomu hana pa kulisemea, kwa sababu hajui kilichomo.

Wengine watasema dawa ni sheria yenye meno, na watanyoosha kidole kaskazini. Katiba ya Kenya ya 2010 ina Sura nzima ya Sita juu ya uongozi na uadilifu, na Ibara yake ya 229 inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, kisha inalipa Bunge miezi mitatu kuijadili ripoti na kuchukua hatua. Huo ni utaratibu bora kuliko wetu, na sioni sababu ya kutouiga. Kwa kalenda hiyo shilingi ya Julai ingejadiliwa miezi 21 baadaye badala ya 28. Hata hivyo kamati za huko nazo zimewahi kurundika ripoti za miaka nyuma ya wakati wake, na Sura ya Sita haikuwazuia watu wenye kesi za ufisadi mahakamani kuomba kura na kushinda. Tarehe iliyoandikwa kwenye Katiba husaidia pale tu ambapo anayesubiriwa siku hiyo anajulikana kwa jina.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote hutoka kwa watumishi wema. Wanasema: mkianza kumfuata mtu binafsi kwa kila hoja, hakuna atakayethubutu kuamua. Barabara imekatika masika, daraja limekwenda, mkurugenzi anapaswa kununua mawe leo bila kungoja zabuni. Akijua kwamba miaka miwili baadaye ataburuzwa kutoka kituo kipya kuja kujieleza, ataiacha barabara ikatike. Hofu hii ni ya kweli na haijibiwi kwa kauli za majukwaani. Lakini iangalie vizuri. Kinachomtisha mtumishi huyo ni kuhukumiwa bila kusikilizwa, na hilo ndilo analolipata sasa: jina lake likivuma magazetini Aprili wakati hana jukwaa la kusema, mrithi asiyejua kisa akishindwa kumtetea mbele ya kamati. Mtu aliyenunua mawe kwa nia njema ndiye anayehitaji kuliko wote kuitwa na kuulizwa, maana ana jibu. Anayeponea kwenye ukimya ni yule asiye nalo. Wanaosema mishahara midogo ndiyo chanzo nao wanastahili neno moja: inaeleza kwa nini karani anaomba ya soda, ila malipo ya mabilioni hayaidhinishwi na karani.

La kushangaza ni kwamba hatuhitaji kwenda ng'ambo kujifunza namna ya kulikutanisha swali na jibu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu, na ajenda ambayo wanakijiji huidai kuliko zote ni kusomewa mapato na matumizi. Mtendaji anasimama chini ya mwembe au kwenye darasa lililo wazi, anasoma: mchango wa ujenzi kiasi fulani, saruji mifuko kadhaa, mafundi wamelipwa kadhaa. Mzee mmoja ananyoosha mkono na kusema mifuko aliyoiona ikishushwa haifiki idadi hiyo. Mtendaji anatakiwa ajibu palepale, mbele ya fundi aliyelipwa na dereva aliyeibeba saruji. Vijiji vingi havisomewi kila robo mwaka kama sheria inavyotaka, na vipo ambavyo mwenyekiti huukimbia mkutano mwaka mzima. Lakini tazama jinsi wanakijiji wanavyolichukulia jambo hilo. Hawamwombi kwanza ajiuzulu. Wanasema: hajatusomea. Kwao kosa la kwanza ni kukaa kimya; wizi ni la pili, na utajulikana akishasoma. Wana jambo ambalo ngazi za juu zimelipoteza kadiri fedha zilivyokua, kwamba muda kati ya matumizi na swali uwe mfupi kiasi cha mashahidi wote kuwapo, na anayeulizwa awe ndiye aliyetumia.

Kulipandisha hilo hadi wilayani na wizarani hakuhitaji katiba mpya. Kunahitaji hoja ya ukaguzi iandikwe pamoja na majina na vyeo vya walioidhinisha malipo husika wakati huo, kama yalivyo kwenye vocha, ambazo mkaguzi tayari anazo mkononi. Kunahitaji kamati imwite mwenye saini kutoka popote alipohamishiwa, au alipostaafia, akae kiti kimoja na mrithi wake. Kunahitaji uhamisho wa afisa masuuli usikamilike kabla hajaacha maelezo ya maandishi juu ya kila hoja iliyo wazi chini ya jina lake, na maelezo hayo yachapishwe mahali palepale hoja ilipochapishwa, ili msomaji wa Aprili awe na pa kurudi Juni. Yule mwenye jibu safi atalisafisha jina lake kwa kurasa mbili. Na Bunge, kabla ya kuuliza nani aondoke, liulize kwanza nani aje.

Jedwali la utekelezaji lina safu ya namba, safu ya pendekezo, safu ya majibu na safu ya hali ilivyo sasa. Karatasi ina nafasi ya safu moja zaidi, upana wa jina la mtu.